Cheti Kibaya cha Askari Mgonjwa

Kibera ni mtaa wa Nairobi uliozaliwa na karatasi ya jeshi. Kuanzia mwaka 1912, askari Wanubi waliomaliza utumishi katika jeshi la kikoloni la King's African Rifles walipewa pasi za shamba, na pasi hiyo ndiyo iliyompa mtu ruhusa ya kujenga na kulima pale. Leo mabati yameenea kote na jeshi halina usemi tena juu ya nani aishi huko, lakini karatasi bado inaamua mengi. Mwanajeshi aliyefutwa kwa utovu wa nidhamu akirudi mtaani, iwe Kibera au eneo la Kongo kule Kawangware, na kuomba kazi ya ulinzi, ni rahisi aulizwe kwanza aliachaje jeshi. Nadai kwamba kosa lake likiwa limetokana na maradhi aliyoyapata vitani, rekodi yake inafaa ifunguliwe upya na jopo lenye daktari ndani yake, badala ya kuachiwa mahakama peke yake.

Maradhi yenyewe ni msongo wa mawazo unaofuata kiwewe: jinamizi, kukosa usingizi, kushtuka kwa kishindo kidogo, hasira za ghafla, kukwepa chochote kinachomkumbusha mtu yaliyompata. Zisome dalili hizo pamoja na makosa ya kijeshi uone zinavyofanana. Anayekwepa kumbukumbu za vita ataitwa mtoro akiamriwa kurudi kambini. Mwenye hasira atashtakiwa kwa kumkaidi mkubwa wake. Anayekunywa ili alale ataandikiwa ulevi. Kenya iliingia Somalia Oktoba 2011. Tarehe 15 Januari 2016 Al-Shabaab waliivamia kambi ya Wakenya kule El Adde, na Januari 2017 ikawa zamu ya Kulbiyow. Si ajabu kwamba baadhi ya walionusurika katika vita vya namna hiyo hurudi wakiwa wagonjwa. Ajabu ingekuwa wote kurudi wazima.

Marekani ilichelewa kulikubali hili. Ugonjwa uliingizwa rasmi katika mwongozo wa madaktari wa akili mwaka 1980, wakati maelfu waliopigana Vietnam walikuwa wamekwisha kufukuzwa na vyeti vibaya. Septemba 2014 Waziri wa Ulinzi Chuck Hagel aliziagiza bodi za kurekebisha rekodi ziyapime maombi yao kwa moyo mkunjufu, na agizo la Agosti 2017 likafafanua maswali ya kuuliza: je, mtu alikuwa na ugonjwa, ulimpata akiwa kazini, unalieleza kosa lake, na je, una uzito kulishinda kosa hilo? Uingereza ilichelewa zaidi. Mwaka 2006 iliwasamehe askari 306 waliopigwa risasi na jeshi lao wenyewe katika Vita vya Kwanza vya Dunia, wote wakiwa makaburini.

Makamanda watasema nidhamu italegea. Hofu hiyo ina msingi, kwa kuwa jeshi ambalo kila mtoro ana udhuru haliwezi kupigana. Lakini kinachoombwa hapa huja baada ya mtu kuvua sare: hakimrudishi kambini wala hakifuti uhalifu mzito, na swali lile la nne lipo kwa sababu hiyo hasa. Wengine watahofia waongo. Jeshi lenyewe lina kumbukumbu za nani alipelekwa wapi na lini, kwa hiyo mwongo hana pa kujificha sana.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba njia ipo tayari: aliyehukumiwa na mahakama ya kijeshi hukata rufaa Mahakama Kuu. Ila rufaa ina muda wake na huuliza kama hukumu ilikuwa sahihi, ilhali ugonjwa huu unaweza kujitokeza baada ya miezi au miaka. Wanahewa waliokamatwa baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982 walikaa miongo kadhaa kabla mahakama kuamuru baadhi yao walipwe fidia, na hao angalau waliweza kufuatilia kesi. Jopo lina msingi katika Katiba pia. Ibara ya 24(5) inaruhusu haki kadhaa za wanajeshi zipunguzwe na sheria, hata zile za afya katika ibara ya 43. Haki ya uamuzi wa kiutawala ulio wa haki, ibara ya 47, haimo katika orodha hiyo. Bunge lilipitisha Sheria ya Wanajeshi Wastaafu mwaka 2022. Marekebisho mafupi ya sheria hiyo yangetosha kuunda jopo na kulitaka litoe sababu zake kwa maandishi.