Ndago zikishika uwani, jembe la siku moja halitoshi

BUSTANI ya uwani ikiachwa masika moja bila ya kupaliliwa, mwenyewe akirudi hukuta pori. Kwa wakaazi wa Mwanakwerekwe, ambako viwanja ni vidogo na soko liko karibu, hasara yake ni ya mfukoni. Mchicha huvunwa baada ya wiki 3 hadi 4, hivyo kila mwezi ambao tuta linakaliwa na magugu ni mavuno mamoja yaliyopotea.

Wengi hukimbilia jembe. Hulima siku moja, bustani ikabaki nyeupe, wakapanda. Baada ya wiki mbili magugu yamerudi, tena mengi kuliko mwanzo. Mkosaji mara nyingi ni ndago.

Ndago lina majani membamba yanayong'ara kama nyasi, lakini nguvu yake iko chini ya ardhi. Huko kuna viazi vidogo vyeusi vilivyounganishwa kwa vijizizi kama shanga kwenye uzi. Kiazi cha mwisho kikichipua, vingine hubaki vimelala. Jembe likiukata uzi huo, kila kiazi huamka na kuota peke yake. Ndiyo sababu kulima mara moja, hasa udongo ukiwa na maji, ni sawa na kulipanda upya. Mwaka 1977 mtaalamu Leroy Holm na wenzake waliliweka ndago mbele ya magugu yote mabaya duniani.

Chimba wakati wa jua

Wakati mzuri wa kazi hii ni kiangazi cha Januari na Februari. Kata majani kwa panga, kisha chimba kwa uma au jembe hadi kina cha shubiri moja, kwani viazi vingi havizidi hapo. Okota unavyoviona, na udongo uupindue uanikwe na jua kali. Kiazi kilichokauka hufa. Usivitie kwenye shimo la mbolea, kwani vitarudi bustanini pamoja nayo.

Baada ya hapo, kila wiki 2 ng'oa machipukizi yote. Ndago huanza kutengeneza viazi vipya wiki chache tu baada ya kuchomoza. Likikatwa kabla ya muda huo, kiazi cha chini hutumia akiba yake bila ya kuirudisha.

Ndago pia halipendi kivuli. Viazi vitamu na kunde hutandaa na kuifunika ardhi, na majani yake yanauzika kama mboga. Makuti na majani makavu peke yake hayatoshi, kwa kuwa chipukizi la ndago lina ncha kali na hupenya.

Wanaotumia dawa ya glaifoseti wapige majani yakiwa mabichi na yenye nguvu, na wasubiri kiasi cha wiki 2 kabla ya kulima, ili dawa ishuke chini. Viazi vilivyolala haviguswi, hivyo dawa nayo haimalizi kazi kwa mara moja. Ikirukia mchicha, utakufa.

Hesabu ya kibarua

Tuseme bustani inalimwa kwa siku 2, kisha kila zao linapaliliwa siku 2. Kwa mazao 6 ya mchicha hizo ni siku 14 za kibarua, na ndago bado lipo. Anayechimba kwa siku 2 na kung'oa nusu siku kila wiki 2, mara 6, anatumia siku 5. Gharama yake ni kukosa mchicha kwa miezi 3.

Kwa mwenye kutegemea mauzo ya kila wiki, miezi 3 ni mingi. Dawa yake ni kuigawa bustani mafungu matatu. Fungu moja lisafishwe, la pili lipandwe viazi vitamu, la tatu liendelee na mchicha, kisha yapokezane. Jembe lililotumika kwenye ndago lifutwe udongo kabla ya kuingia fungu jengine.

Mwisho, mtu asinunue gari la udongo au samadi bila ya kuukagua. Bustani nyingi hazikuvamiwa na ndago, bali ndago lililetwa kwa pesa za mwenyewe.