Taji la Kauri na Jino Lililo Chini Yake

Bibi mmoja wa makamo alinijia asubuhi moja, akalifungua fundo la pindo la kanga yake, akanitolea taji la jino alilovishwa yapata miaka 18 nyuma, na kabla hajaketi akaniuliza, "Daktari, mbona hiki hakikuvunjika na jino limeshindwa?" Nililiosha lile taji nikaliangalia penye nuru ya dirisha: kauri yake ilikuwa nyeupe kama siku ilipotoka tanuuni, haina ufa wala doa; bali ndani mwake mlikuwa mmesalia kipande cha jino, cheusi, laini kama ngozi iliyorowa maji.

Watu wengi hutuuliza taji hudumu miaka mingapi, kama aulizaye juu ya bati la paa, na sisi hujibu kwamba lililotengenezwa vema aghalabu hufikisha miaka 10 hata 15, wala si nadra kuona lililopita 20. Jibu hilo si la uongo, lakini lina kasoro moja, nayo ni kuwa kauri haiozi kamwe. Kinachohesabiwa miaka hapo ni umri wa jino lililofunikwa, pamoja na ule mshono unaoviunganisha viwili hivyo.

Kutokunywa kitu ndiyo sifa iliyoifikisha kauri kinywani mwa watu. Mnamo 1774 muuza dawa mmoja wa Ufaransa, jina lake Duchâteau, alichoshwa na meno yake ya bandia yaliyochongwa kwa pembe, ambayo yalikuwa yakifyonza harufu na rangi za dawa alizozionja kazini, akatafuta yafinyangwe ya kauri. Na mwishoni mwa karne ya 19 Charles Henry Land, tabibu wa meno wa Detroit, Marekani, akaifanya kauri hiyo kuwa gamba jembamba la kuvishwa juu ya jino lililochongwa. (Nasi tulioiita sahani ya Kichina kwa jina la kombe la pwani hatukuwa peke yetu, maana Waitaliano nao waliita porcellana ile kauri ya baharini kabla jina halijahamia vyomboni.)

Ila ya kauri ni kwamba hustahimili kukandamizwa, lakini haivumilii kupindwa, na ufa mdogo ukishaanza hauna pa kusimamia. Kwa hiyo mafundi waliiyeyushia juu ya kikombe cha madini kinachonywea kidogo zaidi yake kipoapo, kusudi kiibane daima. Na siku hizi yako mataji ya zirkonia, ambayo ni magumu zaidi. Hata hivyo gego la mtu asagaye meno usingizini huweza kuyashinda yote hayo, na mtu wa namna hiyo sharti achongewe kinga ya kuvaa usiku. Kufungua chupa ya soda kwa meno sitakutaja zaidi ya hapa.

Turejee kwenye mshono, kwani huko ndiko maradhi yaanziako. Fundi awe hodari namna gani, baina ya ukingo wa taji na jino hubaki mstari mwembamba kama unywele, uliojazwa simenti, nao uko pale pale ufizi unapoanza, mahali ambapo ukoga hupenda kutuama na mswaki wa haraka hauingii. Vijidudu vya ukoga hugeuza sukari kuwa asidi, asidi ikalila jino pembeni mwa mstari, kisha uozo ukapanda chini ya taji pasipo mtu kuuona. Na ikiwa jino lilikwisha tibiwa mzizi likatolewa kiini chake, kama ilivyo kwa wengi wavishwao taji, basi halina tena mshipa wa kuhisi maumivu, nalo huoza kimya kimya mpaka siku taji litakapong'oka na tonge la wali.

Mswaki, basi, uwe laini, uinamishwe kuelekea ufizi, usuguliwe taratibu ukingoni hasa, si juu ya taji ambako hakuna neno. Na uzi wa meno upitishwe kila usiku, ukilikumbatia jino shingoni. Mswaki wa mti sina ugomvi nao, maadamu nyuzi zake zinafika huko chini. Tabibu atakaye kukupaka floraidi mwambie una taji, kwa kuwa ile yenye asidi huparuza mng'ao wa kauri. Ukiona mstari wa kijivu ufizini, usishtuke: huenda ni madini yanayochungulia baada ya ufizi kushuka, ingawa kubainisha hilo na uozo ni kazi ya tabibu na picha ya eksirei. Na taji likitoka zima, usiligandishe kwa gundi ya dukani. Lihifadhi ulilete hima, kwa sababu meno jirani huanza kusogea.

Bibi yule alikuwa amekaa miezi mitatu nalo. Kisiki kilichobaki kilikuwa kimeoza mpaka chini ya ufizi, hakikufaa kushika kitu, nikamchoma sindano ya ganzi nikaking'oa. Alipoinuka aliomba taji lake, akalitazama kitambo, akalifunga tena pindoni.