Hazina ya usharika katika mji wa wapitaji

Tabora ni mji uliokuzwa na watu wa safari. Misafara iliyotoka Bagamoyo ilitembea miezi mitatu hivi kufika Unyanyembe, eneo la Tabora, na kutoka hapo njia ziligawanyika, moja ikienda Ujiji, nyingine Karagwe na Buganda. Reli ya Kati ilipofika mwaka 1912 ikaleta wafanyakazi wa reli na makarani, na leo wanaoingia na kutoka ni walimu, askari, wauguzi na wanachuo. Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, ambalo makao ya Dayosisi yake ya Magharibi Kati yako hapa, lina mizizi mirefu zaidi kwingineko: Kilimanjaro, Bukoba, Iramba. Upande huu lilitanguliwa na Wakatoliki wa Kipalapala na Wamoravian walioipokea misheni ya Urambo mwaka 1898. Ndiyo maana katika usharika wa mjini utakuta waumini wengi walioletwa na barua ya uhamisho. Hoja yangu ni kwamba usharika wa namna hii hauwezi kulinda fedha zake kwa kufahamiana. Machame, huko Kilimanjaro, mtunza hazina anajulikana ukoo wake na shamba lake, na akikosea ataulizwa hata na shangazi yake. Tabora mtunza hazina anaweza kuhamishiwa Songea mwezi ujao, akaondoka na namba ya siri ya simu ya usharika. Kumbukumbu ya mahali kama hapa ni daftari.

Wenye misafara walilijua hilo zamani. Tajiri Taria Topan aliyekaa Unguja alimkopesha Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe za ndovu, mali iliyopelekwa mamia ya maili mahali ambapo jicho lake halikufika. Mzigo wa mpagazi ulikaribia frasila mbili, posho yake ilipatanwa kabla ya safari, na wanyapara walikuwepo kwa sababu mwenye mali hakuweza kuwajua watu wote waliombebea. Biashara ile ilibeba pia watumwa, kwa hiyo simsifii mtu yeyote kwa maadili yake. Nasema tu kwamba watu wasiojuana waliweza kushika mali ya wenzao pale palipokuwa na hesabu, na hesabu ilipokosekana ugomvi haukukawia.

Muumini atauliza: kanisa lina haja gani ya kujifunza kwa wafanyabiashara wa pembe? Basi ajifunze kwa Walutheri wenyewe. Mwaka 1523 waumini wa Leisnig, mji mdogo wa Saxony, walianzisha kasha moja la fedha za kanisa, na Martin Luther akauandikia utaratibu wao dibaji. Kasha lilikaa kanisani, likafungwa kwa kufuli nne tofauti. Ufunguo mmoja ulishikwa na makabaila, mwingine na baraza la mji, wa tatu na watu wa mjini, wa nne na wakulima wa vijijini. Wasimamizi kumi walichaguliwa kila mwaka, nao walitoa hesabu mbele ya mkutano mara tatu kwa mwaka. Hakuna kundi lililoitwa la wezi. Kufuli nne ziliwalinda wote wanne. Mtume Paulo naye, katika sura ya nane ya Waraka wa Pili kwa Wakorintho, anaeleza kwa nini mchango mkubwa wa kuwasaidia waumini wa Yerusalemu hakuubeba peke yake. Kwa hiyo anayesema kwamba kudai risiti ni kumdharau mtumishi wa Mungu amewapita Paulo na Luther kwa wema, jambo ambalo mimi nina shaka nalo.

Tatizo lenyewe kwa kawaida halianzi na wizi. Linaanza na vitu vidogo visivyoandikwa. Chukua mnada wa baada ya ibada: kuku, dumu la asali, debe la karanga. Aliyepanda bei hadi mwisho mara nyingi hana fedha mfukoni, anaondoka na kuku wake akiahidi kulipa Jumapili ijayo. Tuseme mnada umetangazwa kuwa umepata shilingi 85,000, lakini benki zimepelekwa 60,000. Zile 25,000 ziko kwenye sufuria za watu, si mfukoni mwa mhasibu, ila kama hakuna orodha ya wadaiwa atakayenong'onwa ni mhasibu. Sadaka ya kapu ina nafuu, kwa sababu wazee huihesabu pamoja na kutia saini kabla hawajatawanyika. Mnada, ahadi na vitenge vya shukrani vinahitaji ukali uleule.

Kisha kuna majira. Waumini wa Urambo, Kaliua na Sikonge wengi wanaishi kwa tumbaku, na fedha ya tumbaku huja kwa mkupuo, tena ikicheleweshwa. Bajeti inayogawanya mapato kwa kumi na mbili, kama ya usharika wa Dar es Salaam wenye waumini wa mishahara, itamwacha mwinjilisti bila posho masika nzima. Urambo imeshaona mahesabu yaliyopangwa mbali yakianguka: Mpango wa Karanga wa Waingereza ulianza 1947, ukafutwa 1951 baada ya kumeza mamilioni ya pauni. Kamati ya fedha ingefanya vyema kutenga sehemu ya sadaka ya mavuno kwa ajili ya miezi ya ukata, na kuandika katika muhtasari nani anaruhusiwa kuigusa.

Wapo wanaosema simu imemaliza yote haya, maana kila muamala una ujumbe wake. Ni kweli, mradi namba imesajiliwa kwa jina la usharika na kutoa fedha kunahitaji zaidi ya mtu mmoja. Namba iliyosajiliwa kwa jina la mzee wa kanisa ni fedha ya mzee huyo mbele ya kampuni ya simu, na akifariki warithi wake watakuwa na haki ya kuuliza.

Pingamizi lenye uzito ni la uwezo. Mtaa wa kijijini unaokusanya kidogo hauwezi kuajiri mhasibu, na kuudai vitabu kama vya benki ni kuuonea. Lakini hautakiwi kufika huko. Daftari la fedha, kitabu cha risiti na hati za malipo vinatosha, na mji huu una chuo kilichofundisha makatibu muhtasi wa nchi nzima tangu kikiitwa Chuo cha Uhazili. Wastaafu wenye ujuzi huo si adimu. Gharama ya kweli iko kwenye kutoandika. Michango ya mfuko wa hifadhi ya jamii wa NSSF, asilimia 20 ya mshahara, isipopelekwa kwa ajili ya mlinzi au katibu, haionekani kwenye tangazo lolote la Jumapili mpaka mtumishi astaafu na kukuta akaunti yake tupu.

Kwa hiyo wazee wa kanisa wasisubiri mkaguzi wa dayosisi. Mchungaji au mtunza hazina anapohamishwa, asiagwe kwa keki na zawadi kabla makabidhiano hayajaandikwa: salio la benki, salio la simu, wadaiwa wa mnada, madeni ya usharika, hati za viwanja, na saini za anayetoka, anayeingia na shahidi. Nakala moja ibaki ofisini, nyingine iende jimboni.