Fundi, Kikapu na Nyaya (2): Barua Isiyofika Tabora

Katika sehemu ya kwanza tuliutazama umeme wenyewe: nyaya za volti 230 ziingiazo majumbani, na zile za kilovolti 11 na 33 zipitazo juu yake. Leo tuliangalie gari linalompandisha fundi hadi kwenye nyaya hizo.

Wakazi wa Cheyo, hapa Tabora, wanalifahamu. Mvua za Novemba zikikaribia, matawi ya miembe huanza kugusa nyaya, na mafundi huja kuyapunguza wakiwa ndani ya kikapu kwenye ncha ya mkono mrefu. Miembe ya Tabora ni urithi wa misafara ya karne ya 19, iliyotangulia kufika hapa kabla ya reli ya mwaka 1912. Ni mizuri, ina kivuli, na sitaki ikatwe mashina. Basi tuhakikishe anayeipogoa anarudi salama nyumbani kwake.

Mkono wa gari lililokusudiwa kwa kazi ya umeme una kipande cha faibaglasi kisichopitisha umeme. Fundi akigusa waya, kipande hicho huuzuia umeme usipite mwilini mwake, ukashuka kwenye gari hadi ardhini. Hakimkingi akigusa nyaya mbili kwa pamoja, wala akigusa waya huku ameshika chuma cha nguzo. Tena magari mengine ya kikapu yametengenezwa kwa ajili ya kubadilisha taa au kufunga mabango, na mkono wake ni chuma kitupu. Kwa macho ya mnunuzi yanafanana.

Kuna hatari nyingine iliyojificha zaidi. Mipira ya mafuta ya haidroliki inayopita ndani ya faibaglasi lazima nayo isipitishe umeme. Mpira ukipasuka na fundi wa gereji akafunga wa kawaida, wenye wavu wa chuma ndani yake, ameuwekea umeme njia ya kuivuka faibaglasi. Gari litanyanyuka vizuri, mafuta hayatavuja, na hakuna atakayejua.

Sasa tuje kwenye kasoro za kiwandani: pini inayolegea, mshono wa kulehemu unaopata ufa, vali inayoshindwa kushikilia mkono. Nchini Marekani, chini ya sheria ya usalama wa magari ya mwaka 1966 pamoja na marekebisho yake, mtengenezaji akigundua kasoro ya usalama hulazimika kuwaandikia wenye magari na kuyatengeneza bila malipo. Japani nayo ina utaratibu wake wa kuyaita magari yenye kasoro, na sheria yake ya usalama kazini ya mwaka 1972 inadai magari ya kikapu yakaguliwe kila mwaka.

Lakini barua hiyo huenda kwa mmiliki aliyesajiliwa kule. Gari likishafutwa kwenye daftari la Japani na kupakiwa melini kuja Dar es Salaam, anwani hukatika. Mkandarasi wa Tabora atakayelinunua baada ya mikono mitatu hana barua, na hana wa kumpigia simu.

Kwa hiyo itabidi atafute mwenyewe taarifa za kasoro, na hapa wengi hukosea kwa kutafuta mara moja tu. Gari la kikapu lina watengenezaji wawili: wa lori na wa mkono. Namba ya chesisi itamwonyesha kasoro za breki au usukani. Za mkono zinafuata namba nyingine, iliyo kwenye kibao kidogo cha chuma, aghalabu karibu na kitako cha mkono. Kibao kikiwa kimekwanguliwa au kupakwa rangi, hana namna ya kujua mkono huo uliwahi kuitwa kiwandani au la. Kwa kazi ya karibu na nyaya, gari hilo asilinunue.

Kwetu, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamwajibisha mwajiri kwa vifaa anavyowapa wafanyakazi wake. Ningependa namba zote mbili ziandikwe kwenye kila mkataba wa kupogoa miti, zikiambatana na cheti cha karibuni cha kipimo cha faibaglasi. Namna kipimo hicho kinavyofanywa, tutaieleza wiki ijayo.