Historia ambayo wazazi wa Kizungu hawakusimuliwa

Mtoto akiuliza swali gumu, wazazi wengi tuna jibu la haraka: "Utajua ukikua." Tatizo ni pale anapokua, na bado hajui.

Ndivyo ilivyokuwa kwa Wazungu wengi wa Tulsa, mji wa jimbo la Oklahoma nchini Marekani. Walizaliwa hapo, wakasoma na kuzeeka hapo, bila kusikia darasani wala mezani nyumbani kilichotokea mtaa wa pili.

Mei 31, 1921, Wazungu wenye silaha walianza kuvamia Greenwood, mtaa wa Wamarekani Weusi uliokuwa na maduka, hoteli, sinema na makanisa. Chanzo kilikuwa tuhuma kwamba kijana mweusi, mng'arisha viatu, alimshambulia msichana wa Kizungu ndani ya lifti. Kesi hiyo baadaye ilifutwa. Kufikia kesho yake mchana, nyumba zaidi ya 1,000 zilikuwa zimeteketea. Wanahistoria wanakadiria waliouawa kuwa kati ya 100 na 300.

Kampuni za bima zilikataa kulipa, zikidai mikataba haikuhusu hasara za ghasia. Familia zikapoteza nyumba, na watoto na wajukuu wakakosa urithi. Kisha kimya kikatanda. Jimbo liliunda tume ya uchunguzi mwaka 1997, na ripoti ikatoka 2001, miaka 80 baadaye.

Baada ya George Floyd kuuawa na polisi mjini Minneapolis Mei 2020, Wazungu wengi waliamua kujisomesha. Vitabu kuhusu ubaguzi wa rangi vilipanda juu kabisa kwenye orodha za mauzo.

Hata hivyo, baadhi yao walichukua njia ya mkato. Walimwendea jirani au mfanyakazi mwenzao mweusi wakitaka awaeleze yote. Kumwomba mwenye kidonda akifunue kila siku ili wewe ujifunze ni kumuumiza tena. Vitabu vipo, ripoti ipo, na tangu 2021 Greenwood ina makumbusho yake. Anayetaka kujua aanze huko. Rafiki akiamua kusimulia mwenyewe, kazi yako ni kusikiliza.

Mzazi mwenye mtoto anayesoma ughaibuni alijue hili pia. Mwanao akigeuzwa msemaji wa watu weusi wote darasani, ongea na mwalimu. Mtoto amekwenda shule kusoma kama wenzake.

Je, mtoto wa Kizungu akisimuliwa haya hatajiona mkosaji? Hofu hiyo ni kubwa. Mwaka 2021, Tulsa ilipotimiza miaka 100 tangu mauaji hayo, Oklahoma ilipitisha sheria inayokataza kufundisha kwamba mwanafunzi anapaswa kujiona na hatia kwa sababu ya rangi yake.

Jibu la mzazi linaweza kuwa fupi: "Wewe hukuchoma nyumba ya mtu. Lakini huenda unayekaa naye dawati moja, nyumba ya mababu zake ilichomwa. Ndiyo maana nataka ujue." Mtoto wa miaka minane anaelewa hayo. Tena ni afadhali ayasikie kwako kuliko kugundua ukubwani kwamba ulijua ukanyamaza.

Mficha maradhi, kifo humuumbua.