Namba 4,294,967,297 na Dhana ya Fermat

Apendaye kuitamka namba 4,294,967,297 kwa Kiswahili hushindana na lugha kabla ya kushindana na hesabu. Akisema "elfu mia tisa sitini na saba", msikilizaji aweza kuelewa 900,067. Afadhali aseme "laki tisa na sitini na saba elfu", kwa neno lililotujia kutoka Bara Hindi. Lakini sifa ya namba hii haitokani na matamshi yake, bali na kosa la bingwa.

Bingwa huyo ni Pierre de Fermat, mwanasheria wa Toulouse, Ufaransa, ambaye hesabu ilikuwa burudani yake. Mnamo mwaka 1640 alizitazama namba zipatikanazo kwa kuipa 2 vipeo vya 1, 2, 4, 8 na 16, kisha kuongeza 1. Namba hizo ni 3, 5, 17, 257 na 65,537, na zote ni tasa, yaani hazigawanyiki ila kwa 1 na kwa zenyewe. Fermat akaamini kuwa zifuatazo nazo ni tasa, ingawa alikiri kwamba hana uthibitisho. Ya sita, yenye kipeo cha 32, ndiyo hii inayozungumzwa.

Imani hiyo ilidumu zaidi ya miaka tisini. Mwaka 1729 Christian Goldbach alimwuliza Leonhard Euler habari zake, na mwaka 1732 Euler akaonyesha kuwa namba hiyo ni 641 × 6,700,417.

Je, 641 ilipatikanaje? Euler alithibitisha baadaye kwamba kila kigawanyo cha namba hii hupatikana kwa kuzidisha 64 kwa namba nzima fulani, kisha kuongeza 1. Namba tasa za namna hiyo ni haba: 193, 257, 449, 577, na ya tano ni 641. Ajabu ni kuwa Fermat, hodari wa mambo hayo hasa, hakufika hapo.

Iko na njia fupi zaidi, isiyohitaji kugawanya kabisa. Namba 641 ni sawa na 5 × 128 + 1, na tena ni sawa na 625 + 16. Kwa tamko la kwanza, 5 × 128 yapungukiwa na 1 tu kufikia 641. Basi ikipewa kipeo cha 4 na kugawanywa kwa 641, hubaki 1. Tokeo la kipeo hicho ni 625 mara 2 yenye kipeo cha 28. Kwa tamko la pili, mahali pa 625 paweza kutiwa hasi 16 bila kubadili baki. Na 16 mara 2 yenye kipeo cha 28 ni 2 yenye kipeo cha 32. Kwa hiyo hasi ya namba hii ya mwisho huacha baki ya 1. Yenyewe ikiongezwa 1, haiachi kitu.

Kosa hilo laonekana hata katika jiometri. Kwa kanuni ya Gauss ya mwaka 1801, iliyokamilishwa na Wantzel mwaka 1837, umbo la pande sawa 4,294,967,297 haliwezi kuchorwa kwa rula na bikari peke yake. Lenye pande mbili pungufu, 4,294,967,295, lawezekana, kwa kuwa idadi hiyo ni zao la zile namba tasa tano za Fermat; na hakuna idadi witiri ya pande iliyo kubwa kuliko hiyo ijulikanayo kuwezekana.