Salamabila: kampuni zinaenda, wazee wanabaki

Kutoka Kindu kufika Salamabila, katika teritware ya Kabambare, tunapita Kasongo, muji wa zamani wa Tippu Tip. Wakati wa mvua piki-piki inazama mu matope, tunashuka na kuisukuma. Kiisha, milima ya Namoya inaonekana.

Wazungu walianza kuchimba dhahabu hapa miaka ya 1930, wakaacha nyuma kidogo ya uhuru. Katika 1976 kampuni nyingi za Kivu na Maniema ziliunganishwa kuwa Sominki, nayo ikakufa. Katika 2016 Banro ilitangaza kwamba mugodi mupya umeanza kazi kabisa. Leo Banro haiko tena.

Mashimo ya zamani, majani yameyafunika. Ukishuka upande wa muto Luama, ni pori tupu, ndege na sauti ya maji. Mugeni atafurahi.

Lakini sisi wa sendika tunaangalia jambo lingine. Kila mara kampuni inabadilika, muzee anaulizwa: barua yako ya kazi iko wapi? Mchwa walishaikula, ao iliungua wakati wa vita. Basi miaka yake ya kazi haihesabiwi, na pensheni hapati.

Ndugu musomaji, ukifika kule, piga picha ya mulima, ni vizuri. Kaa pia na wazee ku baraza. Na serikali ya jimbo tunaiomba kitu kimoja: iandike majina yao na mwaka walianza kazi, wangali wazima. Majani yanaota ju ya mashimo. Yasiote ju ya majina.